Riwaya za Sista Fidelma: soma kwa ajili ya sheria, muuaji atajileta mwenyewe

Mbukwenyi wadau. Hizi riwaya za Sista Fidelma nimeshasoma za kutosha sasa kwahiyo naweza kusema kitu, na nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka aendelee na shughuli zake: kama unachotaka ni stori ya nani kaua, ile ya kukukeshesha mpaka adhana ya alfajiri, zipo nyingine kali kuliko hizi. Ila kama unapenda mambo ya sheria, fidia, ugomvi wa urithi, wakubwa wanaodhani hawagusiki halafu wanaguswa, hapa ndo penyewe. Mimi nafanya kazi kwenye ofisi ya wakili hapa Dodoma mjini, kuchapa hati, kuzipeleka mahakamani, kukaa kwenye benchi mpaka shauri letu liitwe au liahirishwe, na vitabu hivi vingi nimevisomea kwenye hayo mabenchi, kwahiyo mjue kabisa anayeongea ni mtu wa makaratasi.

Kwa wasiomjua. Fidelma ni mtawa wa Ireland, karne ya 7, miaka ya 660 na kitu huko. Kwao ni Cashel, kaka yake Colgú ni mfalme wa Muman (Munster ya leo, kusini mwa Ireland), lakini yeye hategemei ufalme wa kaka, kasomea sheria Tara kwa jaji mmoja anaitwa Morann akafikia daraja la anruth, la pili kutoka juu. Maana yake ni wakili wa mahakama zao, wao wanaita dálaigh, na kwa daraja lile anakaa kitako mbele ya wafalme wakati wengine wamesimama. Mwenzake kwenye uchunguzi ni Bruda Eadulf, Msaksoni, yaani mtu wa upande wa Uingereza, kasomea tiba kidogo, mpole, na kazi yake kubwa ni kuuliza yale maswali ambayo na wewe msomaji ungeuliza. Mwandishi anajiita Peter Tremayne ila jina lake la kweli ni Peter Berresford Ellis, ni mtu wa historia ya Wakelti, yaani Waairishi na jamaa zao wa kale, ameandika vitabu vya historia kibao, hadithi fupi za kwanza za Fidelma zikatoka 1993 na riwaya ya kwanza 1994. Sasa hivi vimepita 30. Vyote ni Kiingereza, cha Kiswahili sijakiona.

Sasa twende kwenye kilichonikamata mimi. Ng'ombe.

Kwa sheria yao ukiua mtu huru, hukumu ya kawaida haikuwa kamba wala jela. Unalipa. Malipo yenyewe yanaitwa éraic, na kipimo ni cumal 7, na cumal moja kwa kawaida ilihesabiwa ng'ombe watatu wa maziwa, kwahiyo piga hesabu, ng'ombe 21. Hiyo ni ya damu na ni ileile, awe mkubwa awe mkulima wa kawaida ilimradi ni mtu huru. Halafu juu yake inakuja ya pili, bei ya heshima, na hapo ndo vyeo vinaingia, heshima ya mfalme sio heshima ya mfuga nguruwe. Na kama muuaji hana, ukoo wake unachangishwa, baba wadogo hawaponi, binamu hawaponi. Ukoo nao ukishindwa, hapo sasa ndugu za marehemu wana ruhusa ya kumshughulikia.

Niliwahi kumsimulia mzee mmoja pale mnada wa Msalato, tunasubiri nyama iive, nikamwambia mzee wangu kuna watu Ulaya zamani mtu akiua analipa ng'ombe 21. Hakushangaa hata kidogo. Akauliza, "Majike au madume?" Nikamwambia majike mzee, tena wa maziwa. Akatafuna kidogo akasema, "Basi hao walikuwa watu." Akataka kujua tena kama ndama waliozaliwa kesi ikiwa inaendelea wanahesabiwa ndani ama nje, na hapo mwanasheria wenu nikawa sina jibu. Nawaambieni ukweli, mtu aliyelelewa Ugogoni, mtu ambaye kaona kikao cha mahari kinavunjika saa nane usiku kwa sababu ya mtamba mmoja, anaingia kwenye vitabu hivi kwa urahisi kuliko hata huyo Mzungu wa leo aliyeandikiwa.

Na sio ng'ombe tu. Kuna kitu wanaita troscad. Mkubwa anakudai au unamdai, tuseme unamdai, hataki kulipa, na huna nguvu ya kumkamata wala ya kuchukua mali yake. Unakwenda kukaa mlangoni kwake unafunga kula. Yeye ndani akila wakati wewe umefunga nje, na hajatoa dhamana yoyote, deni linakuwa mara mbili na anakosa heshima mbele za watu. Hebu fikirieni hiyo kwenye vikoba vyetu! Kuna watu hapa mjini wangekonda wasionekane.

Talaka pia. Mwanamke alikuwa na sababu zake za kisheria za kumwacha mume, mume akimpiga mpaka akaacha alama, mume akishindwa kazi ya ndoa, na hii niliirudia kusoma nikicheka peke yangu, mume akienda kuwasimulia watu mambo ya chumbani. Vijiwe vyote vya bodaboda kuanzia Jamatini mpaka Nkuhungu wangebaki wangapi na ndoa?

Hapa niweke breki kidogo maana kuna watu watasoma wakadhani Ireland ile ilikuwa pepo ya wanawake. Tremayne kapamba. Anachukua sheria zilizokuwepo kweli, maandishi yake yapo mpaka leo, ila anachagua zile tamu. Maandishi hayohayo yanasema msichana yuko chini ya baba, mke yuko chini ya mume, mjane yuko chini ya wanawe, na mke mkubwa wa halali bei yake ya heshima ni nusu ya mume. Watumwa nao walikuwepo, hiyo cumal yenyewe asili yake ni mtumwa wa kike, kabla haijawa hesabu ya ng'ombe. Vitabuni haya yapo ila yamekaa pembeni pembeni, na Fidelma anavyoongea utadhani kila binti wa Cashel angeweza kuamka asubuhi akawa wakili. Mi nasema soma ufurahie, ila ukienda kubishana na mtu usimnukuu Fidelma kama ndo kumbukumbu ya mahakama.

Kitabu ninachokipenda kuliko vyote ni The Spider's Web. Mtemi wa bonde moja la Araglin kauawa usiku kitandani kwake, na aliyekutwa pale pembeni ya maiti na kisu mkononi, damu mpaka kwenye nguo, ni kijana anaitwa Móen. Watu wameshamaliza kesi, kwao Fidelma kaja kugonga muhuri tu. Tatizo ni kwamba Móen haoni, hasikii na hasemi. Vyote vitatu. Wanamwita mnyama, wamemfunga kama mnyama, na swali la Fidelma ni moja tu ambalo mtu yeyote wa mahakamani anapaswa kuliuliza: huyu mtu atajibuje mashtaka? Wote wanamshangaa, kujibu vipi, si unaona alivyo. Anakwenda kumtafuta mzee mmoja anaishi porini, mtu wa imani za zamani, mzee anashushwa bondeni, anakaa chini mbele ya kijana, anamshika mkono anaufungua kiganja na kuanza kuchora kwa kidole. Ogham. Ile ni alfabeti yao ya zamani ya Waairishi, herufi zake ni mistari tu, mmoja mpaka mitano, upande huu au ule au kukatiza, kwenye mawe walikuwa wanaichonga pembeni kwenye ukingo. Kumbe mistari ile unaweza kuichora kwenye ngozi ya mtu. Na Móen anajibu, kwenye kiganja cha mzee, haraka haraka kama mtu aliyekuwa anasubiri siku nyingi apewe nafasi ya kuongea, na vidole vinakwenda na mzee anatafsiri kwa sauti na watu waliomwita mnyama wamesimama palepale wanasikiliza. Sisemi zaidi, nani kaua mtajua wenyewe, na wala sio siri kubwa sana, kufika katikati nilikuwa nimeshaanza kumshuku. Ila ile sehemu ya kiganja niliisoma niko kwenye benchi jina la shauri letu likaitwa mara mbili sijasikia.

Kama mnataka kuanza kwa mpangilio basi cha kwanza ni Absolution by Murder. Kinatokea kwenye sinodi, yaani mkutano wa viongozi wa kanisa, ya Whitby kaskazini mwa Uingereza mwaka 664, na hii sinodi ni ya kweli kabisa, ilifanyika kwenye monasteri ya abesi (mama mkuu) Hilda, pande mbili za Wakristo zinabishana mbele ya mfalme Oswiu wa Northumbria, upande mmoja wafuasi wa desturi za Ireland upande mwingine wafuasi wa Roma. Wanabishania nini? Tarehe ya Pasaka. Na jinsi ya kunyoa! Wa Roma wananyoa utosi wanabakiza duara, wa Ireland wananyoa mbele kuanzia sikio mpaka sikio. Unaweza kucheka ila Pasaka ilikuwa kero ya nyumbani kabisa, kwa sababu Oswiu alifuata hesabu ya Ireland na mkewe Eanflæd alifuata ya Roma, kwahiyo kuna mwaka mfalme anasherehekea Pasaka anakula nyama na malkia humohumo ndani bado yuko Kwaresima, ndo kwanza Jumapili ya Matawi. Nani anapika nini kwenye nyumba ya hivyo jamani. Sasa humo kwenye mvutano huo mwandishi anamchinja abesi Étain wa Kildare, msemaji mkuu wa upande wa Ireland, na mfalme anaogopa vita itazuka palepale, anaamua uchunguzi ufanywe na watu wawili, mmoja wa kila upande, ndo Fidelma na Eadulf wanakutana. Mwaka huohuo jua lilipatwa tarehe 1 Mei na tauni ikaingia, hizo ni za historia sio za kutunga, kwahiyo watu wale walikuwa na kila sababu ya kudhani Mungu kakasirika.

Cha pili, Shroud for the Archbishop, kinakwenda Roma, nakipitia haraka kwa sababu kwangu kilikuwa cha wastani tu, watu wengi korido nyingi. Wighard, aliyekuwa amekwenda kuwekwa wakfu kuwa askofu mkuu wa Canterbury, anakutwa amenyongwa. Ila kinachonifurahisha mimi ni historia iliyo nyuma yake. Wighard wa kweli alikufa Roma kwa tauni, na papa akamtaka abate Hadrian achukue nafasi, na huyu Hadrian alikuwa Mwafrika wa kaskazini, akakataa, mwishowe akampendekeza Theodore wa Tarso na yeye mwenyewe akaishia Canterbury kufundisha. Mwafrika anafundisha Waingereza kusoma karne ya 7. Hiyo nayo ingefaa kuandikiwa riwaya yake.

Niongelee na hili la usista maana najua kuna watakaokwazika. Fidelma na Eadulf mwishowe wanaoana, wanapata mtoto wa kiume anaitwa Alchú. Ndiyo, sista na bruda. Zama zile useja haukuwa sheria kwa wote, kulikuwa na monasteri za mchanganyiko, wanaume na wanawake, na wengine wanaishi na familia zao humohumo, Kildare yenyewe ya Mtakatifu Brigida ilikuwa na watawa wa kike na wa kiume. Na mbele huko kwenye mfululizo Fidelma anaachana na utawa anabaki mwanasheria wa kaka yake. Mimi shangazi yangu ni sista, yuko kwenye shirika moja mkoa huuhuu, nikamwazima kimoja kwa woga kidogo. Alirudisha baada ya wiki kadhaa kakifunika na gazeti vizuri kama daftari la shule. Nikamuuliza, "Shikamoo Sista, vipi kitabu?" Akasema, "Marahaba mwanangu. Kizuri. Ila huyu Sista wenu anasali saa ngapi?" Na kweli, ukishaambiwa huwezi kuacha kuona, mtu anapanda farasi kutwa nzima, anahoji watu, anapigana mieleka na majambazi, sala ya jioni inampita hivi hivi. Shangazi alitaka cha pili lakini.

Kingine cha kusoma ni Our Lady of Darkness. Hapa Eadulf mwenyewe ndo mshtakiwa, yuko Fearna kwenye ufalme wa Laigin, anasemwa kamuua binti mdogo aliyekuwa anajiandaa kwa utawa, na abesi Fainder anataka anyongwe kwa sheria za toba zilizoletwa na upande wa Roma, sio ile ya ng'ombe. Fidelma anapambana na saa, kesho asubuhi kuna kamba. Nilikipenda kwa sababu mabishano yote ni ya mahakamani kabisa, nani ana mamlaka, rufaa inakwenda wapi, ushahidi wa mtoto una uzito gani, hukumu imesomwa kabla shahidi hajaulizwa maswali. Hapa kwetu adhabu ya kifo bado imo kwenye vitabu vya sheria kwahiyo ubishi wa fidia dhidi ya kitanzi sio wa karne ya 7 peke yake, nimeusikia hata ofisini, watu wameacha chai inapoa.

Makosa yake sasa, na yapo. La kwanza Fidelma anaringa. Kila kitabu lazima kuna abate au mtemi anayemdharau na kila kitabu lazima amtajie daraja lake, cheo cha kaka yake, na kifungu cha sheria, yaani ukisoma vitatu mfululizo unaweza kuandika ile sehemu mwenyewe. La pili mwandishi ana timu yake. Waairishi wana usafi, wana mabafu, wana hospitali na sheria, Wasaksoni ni washamba na Warumi ni wakali, na maskini Eadulf kila kitabu anaambiwa kwenu mnafanya ovyo. Tunajua timu yako mzee, punguza. La tatu mwisho wake ni uleule, wote wanaitwa ukumbini, Fidelma anasimama anaongea kurasa na kurasa, anamnyooshea huyu kidole, hapana sio wewe, ni yule. Na hofu haipo, kama kwenye muvi, steringi hafi. Mazungumzo nayo ni magumu, watu wanaongea kama wanasoma hati ya kiapo, kitu ambacho mimi kwa kazi yangu sijali sana ila mtu mwingine atachoka.

Majina ndo yatakayokukimbiza. Mbele ya vitabu vingi kuna orodha ya wahusika, usiiruke, mimi naipiga picha na simu kabisa halafu nasoma huku nachungulia. Kiingereza chenyewe sio kigumu, aliyemaliza kidato cha sita anasoma bila shida, maneno ya Kiairishi yanaelezwa palepale na ukikosa moja hupotei.

Kuhusu kuvipata, hapa Dodoma ni bahati. Nilichonacho cha karatasi kingi ni cha mitumba, vile vidogo vya gundi, na gundi ya mitumba na jua letu la mwezi wa kumi haviendani, kimoja kilianza kuachia kurasa nikiwa katikati ya kesi. Kuna duka moja la mtandaoni nililiagizia kimoja wakaniletea cha mwandishi mwingine kabisa wakagoma kurudisha hela, silitaji, nakwambieni tu lipeni mkishaona jalada. Kwenye simu ni rahisi zaidi ukiwa na kadi ya kulipia, kimoja kinatosha kabisa safari ya treni ya umeme kwenda Dar na kurudi, hasa kama hutaki kuongea na jirani yako. Mwenye muda mfupi aanze na hadithi fupi, zipo kwenye Hemlock at Vespers, kila moja ni kesi yake, unaisoma na kuimaliza kabla karani hajarudi kutoka chai.

Ninachokitafuta mimi sasa hivi ni The Subtle Serpent cha karatasi. Mwenye nacho awe Dodoma, Kongwa, hata Singida aseme, nabadilishana na Shroud for the Archbishop, kina jina la mtu limeandikwa kwa peni ukurasa wa kwanza lakini kurasa zote zipo, nimezihesabu.